Uchumi umekua, sawa. Umekulia wapi?

Mwanagenzi ameandika:

Wakuu, habari za majukumu. Naomba mnisaidie, maana mimi na kaka yangu tumefika mahali pa kununiana kwa sababu ya asilimia.

Kaka ni mtu wa ripoti. Hoja yake ni kwamba nchi nyingi zinazoendelea zimekua kwa asilimia 5, 6 hadi 7 kwa mwaka, miaka mfululizo, kwa hiyo anayelalamika kwamba umaskini haupungui ana lake jambo. Mimi nikamwambia: nchi ikikua kwa asilimia 7 kila mwaka, baada ya miaka 10 pato lake limekuwa mara mbili. Kama pato ni mara mbili, mbona maskini hawajapungua hata kwa nusu? Akaniambia uchumi si hesabu za shule ya msingi, akaondoka zake.

Swali langu ni hili. Inawezekana uchumi ukue kweli, bila mtu kupika takwimu, halafu maskini wabaki walipokuwa? Na kama inawezekana, ni kitu gani kinachoamua? Nadharia tupu ninazo za kutosha. Nipeni nchi zenye majina.

Tusidanganyane amejibu:

Takwimu zinapikwa, funga mjadala. Mwaka 2014 Nigeria walilala na uchumi wa ukubwa mmoja, wakaamka umevimba kwa asilimia 89 na wamewapita Afrika Kusini. Kwa usiku mmoja! Halafu unauliza mbona sahani haijajaa.

Mdadisi wa Zamani amejibu:

Mkuu Tusidanganyane, pale Nigeria hawakupika. Walibadilisha mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake na uzito wa kila sekta hutumika kupimia uchumi, kutoka 1990 kwenda 2010. Mizani ya 1990 haikuwa na nafasi ya simu za mkononi, na filamu zao hazikupewa uzito unaostahili. Vitu vilikuwepo, watu walikuwa wakivifanya kila siku, ila daftari lilikuwa limechakaa. Ghana walifanya vivyo hivyo mwaka 2010 na uchumi wao ukaongezeka kwa zaidi ya asilimia 60.

Ila umegusa jambo. Siku ile hakuna aliyeshiba zaidi ya jana yake. Na upande wa umaskini nako mambo ni hayohayo. Juni 2025 Benki ya Dunia ilisogeza mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 kwa siku hadi dola 3.00 (ni dola zilizosawazishwa kufuata uwezo wa kununua wa kila nchi, usizipeleke kwa mbadilisha fedha), na watu wapatao milioni 125 wakaongezeka kwenye hesabu ya mafukara duniani. Jana yake walikuwa wapi? Palepale.

Sasa nije kwako Mwanagenzi. Nimefanya kazi ya udadisi wa kaya miaka 11. Nilianza na dodoso la karatasi linalojaa begi, nikamaliza na kishikwambi kinachozima chaji katikati ya swali. Kwa hiyo nitakujibu kutoka upande wa mlangoni, si upande wa ofisini.

Cha kwanza kujua ni kwamba Pato la Taifa na umaskini hupimwa na watu wawili tofauti, kwa vitabu viwili tofauti. Mpimaji wa Pato la Taifa huenda viwandani, migodini, kwenye mabenki, bandarini, anajumlisha thamani ya kilichozalishwa ndani ya mipaka. Mimi siulizi nchi imezalisha nini. Ninakaa na mtu mmoja kwa saa mbili au tatu na kumwuliza: siku saba zilizopita, kaya yako imetumia nini? Kilichonunuliwa kiasi gani, kilichotoka shambani kiasi gani, cha kupewa kiasi gani? Halafu karo, dawa, nauli, mavazi kwa mwaka mzima. Tunajumlisha, tunagawanya kwa wanakaya, ndipo tunaangalia wako juu ya mstari au chini yake.

Utauliza kwa nini hatuulizi mapato. Kwa sababu mkulima hulipwa na mvua. Ukimfikia mwezi wa mavuno utamwandika tajiri, ukimfikia miezi mitano baadaye utamwandika fukara, na ni mtu yuleyule. Matumizi hayayumbi kama mapato.

Na hata hayo matumizi yana vituko vyake. India mwaka 1999/2000 walichanganya kwenye dodoso moja swali la siku 7 na swali la siku 30 kwa vyakula vilevile. Mtu akishakujibu la kwanza, la pili analirekebisha lifanane asionekane mwongo. Takwimu ya umaskini iliyotoka haikuweza kulinganishwa vizuri na zile za nyuma, na wachumi wakabishana miaka. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana nimeona kwa macho yangu mhojiwa akihesabu vidole upya kwa sababu tu nimeuliza mara ya pili.

Kwa hiyo vitabu hivi viwili vinaweza kuachana njia bila mtu yeyote kusema uongo. Mafuta yakichimbwa baharini na kampuni ya nje, thamani yake yote inaingia kwenye Pato la Taifa. Faida ikishavuka mpaka, mimi mlangoni siikuti. Labda niikute kwa njia ya kodi, ikiwa kodi hiyo imegeuka kuwa zahanati au maji. Kama haikugeuka, sina pa kuiandika.

Guinea ya Ikweta ndiyo mfano uliokubuhu. Hazina kubwa ya mafuta ilipatikana mwaka 1995, uchumi ukapaa kwa kasi ambayo dunia haijazoea kuiona, na mwaka 2007 Benki ya Dunia ikaiweka kwenye kundi la nchi za kipato cha juu. Utafiti wa kaya wa mwaka 2006, yaani mwaka mmoja tu kabla, ulikuta watu zaidi ya 7 katika kila 10 ni maskini. Namba zote mbili ni za kweli.

Halafu hesabu yako ya miaka 10 ina tundu moja. Umesahau kwamba watu nao wanaongezeka. Uchumi ukikua kwa asilimia 7 na watu wakaongezeka kwa asilimia 3, kila mtu amebaki na kama asilimia 4. Kujua miaka ya kufika mara mbili, njia ya haraka ni kugawanya 70 kwa asilimia ya ukuaji: 70 kwa 4, unapata miaka 17 na ushei, si 10. Uchumi ukikua kwa 5 na watu kwa 3, ni miaka 35. Hapo mtoto aliyezaliwa ameshakuwa mzazi.

Soko Huru amejibu:

Mdadisi umeeleza vizuri, ila naona mnaelekea kuubeza ukuaji. Bila ukuaji mtagawana nini? Wachumi David Dollar na Aart Kraay walichukua nchi 92 kwa miongo minne, wakakuta kwamba kwa wastani kipato cha ile moja ya tano ya watu walio chini kabisa hupanda sambamba na kipato cha wote. Sambamba! China imetoa watu karibu milioni 800 kwenye umaskini uliokithiri ndani ya miaka 40. Niambieni ni mradi gani wa misaada umewahi kukaribia hata robo ya hiyo. Nchi iache watu wafanye biashara, mengine yatafuata.

Mdadisi wa Zamani amejibu:

Soko Huru, hapo sina ugomvi na wewe. Sijawahi kuiona nchi iliyofuta umaskini huku uchumi wake umedumaa. Ninachosema ni kwamba neno "wastani" kwenye nchi 92 limebeba ndani yake Vietnam na Guinea ya Ikweta kwa pamoja. Mwanagenzi haishi kwenye wastani.

Na hiyo China unayoitaja, tuiangalie ilianzia wapi. Haikuanzia kwenye maghorofa. Mwaka 1978 kwenye kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui, wakulima 18 walitia saini kwa siri kugawana mashamba ya ushirika kila kaya na lake: tukishapeleka sehemu ya serikali, inayobaki ni yetu. Kwa sheria za wakati ule ilikuwa hatari kubwa. Mavuno yakapanda, wakubwa wakafumba macho, baadaye utaratibu ukaruhusiwa nchi nzima. Sehemu kubwa ya umaskini wa China ilianza kuyeyuka pale, mashambani, kabla viwanda vya kuuza nje havijashika kasi na zaidi ya miaka 20 kabla hawajaingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001. Maskini walikuwa shambani, na ukuaji ukaanzia shambani.

Hili ndilo jibu langu kwa swali la "kinachoamua". Mtoto mwenye tabia usiyoielewa huulizwa amekulia wapi. Uchumi nao uulizwe hivyohivyo. Asilimia 7 ni umri tu.

Tuchukue nchi mbili.

Vietnam walitangaza mageuzi yao, Đổi Mới, mwaka 1986. Mwaka 1988 ardhi ya ushirika ikakabidhiwa kaya zilime zenyewe. Mwaka 1989 nchi iliyokuwa ikiagiza mchele ikaanza kuuza mchele nje kwa wingi. Sheria ya ardhi ya 1993 ikampa mkulima haki ya kuirithisha, kuihamisha na kuiweka rehani haki yake ya matumizi. Kwa mstari wao wa taifa, maskini walikuwa asilimia 58 mwaka 1993, wakawa 37 mwaka 1998, wakawa 29 mwaka 2002. Nusu, kwa miaka tisa! Viwanda vikaja na kuwachukua watoto wa wakulima haohao, ambao tayari walikuwa wamekula vizuri na kusoma.

Sasa Msumbiji. Baada ya vita kuisha mwaka 1992, watu wakarudi mashambani, na umaskini ukashuka kweli: kutoka asilimia 69 mwaka 1996/97 hadi 54 mwaka 2002/03. Halafu ukagoma. Utafiti wa 2008/09, kwa hesabu za wakati ule, ukakuta karibu 55. Katika kipindi hicho cha kugoma uchumi ulikuwa ukikua kwa kama asilimia 7 kwa mwaka na kila mgeni anausifia. Ulikuwa ukikulia wapi? Sehemu moja ni kiwanda cha kuyeyusha aluminiamu cha Mozal, karibu na Maputo, kilichoanza uzalishaji mwaka 2000. Kilikuwa kiwanda kikubwa kikweli, kilibadilisha sura ya mauzo ya nje ya nchi. Lakini malighafi yake ilikuja kwa meli, kilichokula sana ni umeme, na wafanyakazi wake wa moja kwa moja walikuwa elfu moja na kidogo. Wakati huohuo watu zaidi ya 7 katika kila 10 wenye kazi walikuwa kwenye kilimo cha jembe la mkono, mavuno kwa hekta hayasogei, mbolea hakuna, na mwaka 2008 bei za vyakula duniani zikaruka. Ungetegemea mdadisi aandike nini?

Simlaumu mtu kwa kujenga kiwanda, na nchi ilikuwa imetoka kwenye vita, ilihitaji kila dola. Ila ukuaji wa kiwanda kile na umaskini wa mkulima yule vilikuwa kama wapangaji wa nyumba moja wasiojuana.

Sindano na Uzi amejibu:

Kaka Mdadisi, naomba niongeze la viwanda, maana si kila kiwanda ni cha aluminiamu. Cherehani moja inahitaji mtu mmoja. Bangladesh, mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni yao ya Desh iliingia mkataba na Daewoo ya Korea Kusini, wakapeleka watu 130 kujifunza kushona nguo za kuuza nje. Wengi wa hao 130 baadaye waliacha kazi wakafungua au wakaendesha viwanda vingine. Leo sekta hiyo ina wafanyakazi kama milioni nne, walio wengi wanawake, tena wengi ni wa kwanza kwenye ukoo wao kushika mshahara. Msichana akiwa na mshahara wake hata umri wa kuolewa unasogea.

Ila msije mkapaka rangi. Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, waliolazimishwa kuingia kazini wakati nyufa zimeshaonekana tangu jana yake. Kwenye Pato la Taifa la mwaka ule hamtaiona hiyo siku.

Tusidanganyane amejibu:

Haya, nimekubali kidogo. Sasa kama tatizo ni hela kutofika mlangoni, kwa nini zisipelekwe mlangoni moja kwa moja? Migodi, mafuta, kodi, vyote vichotwe, kila kaya maskini ipewe chake. Tumalize.

Mdadisi wa Zamani amejibu:

Mkuu, safari hii hujakosea sana. Brazil walianzisha Bolsa Família mwaka 2003. Kaya maskini inapewa fedha taslimu kila mwezi, kadi ikiwa kwa jina la mama mara nyingi, kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule na wapate chanjo. Miaka kumi baadaye ilikuwa imefikia familia kama milioni 14, na gharama yake ilikuwa kama nusu ya asilimia moja ya Pato la Taifa. Pengo la kipato likapungua, katika nchi iliyokuwa miongoni mwa zenye pengo baya kabisa duniani.

Lakini sikiliza hapa: sehemu kubwa ya kupungua kwa lile pengo ilitokana na mishahara, kima cha chini kupanda na ajira kuongezeka. Ruzuku ilifanya kazi yake, haikufanya kazi ya wengine. Na Brazil walikuwa na makusanyo ya kodi yanayobeba mzigo huo. Nchi ambayo nusu ya watu wake ni maskini, ukisema ukate kwa hao wengine uwape hawa, hao wengine wenyewe wako hatua mbili juu ya mstari.

Pale ambapo nimeona ruzuku inahitajika kuliko kitu chochote ni kwenye kuanguka. Hili halionekani kwenye ripoti, kwa hiyo nivumilieni.

Kuna tafiti ambazo unarudi kwenye kaya zilezile baada ya miaka miwili. Nilirudi kwa kaya moja niliyoikumbuka vizuri kwa sababu mara ya kwanza baba alinisahihisha hesabu ya kugawanya. Walikuwa juu ya mstari, na akiba wanayo. Mara ya pili yule baba alikuwa ameugua miezi saba. Mifugo imeuzwa, sehemu ya shamba imekodishwa kwa mtu, mtoto mkubwa ameacha shule. Nikaandika matumizi yao, nikajua kabla ya kujumlisha. Jirani yao, ambaye mara ya kwanza alikuwa chini, safari hii alikuwa amepanda juu ya mstari kwa kibarua cha ujenzi wa barabara.

Kwenye ripoti kaya moja imeingia, moja imetoka, umaskini haujabadilika. Ukisoma kwamba umaskini "umeganda" usidhani ni watu walewale wamekaa tu. Mlango unafunguka pande zote mbili. Ukuaji unawasaidia wanaotoka. Anayeingia kwa ugonjwa au kwa mvua kukosekana, ukuaji wa asilimia ngapi utamfikia kabla hajauza mbuzi wa mwisho? Huyo anahitaji hospitali isiyomfilisi.

Soko Huru amejibu:

Nimesoma. Bado nasema ukuaji kwanza. Ila naondoa lile neno "mengine yatafuata".

Mwanagenzi amejibu:

Wakuu nashukuru sana, Mdadisi hasa. Mtoto wa shule ya msingi nimesahihishwa hesabu na nimekubali. La mwisho: ripoti inayofuata ikitoka na kaka akaja nayo, nifungue ukurasa gani?

Mdadisi wa Zamani amejibu:

Ruka ukurasa wa mbele wenye ile asilimia kubwa. Tafuta jedwali la ukuaji kwa sekta: kilimo, madini, ujenzi, viwanda, fedha na kadhalika. Pembeni yake weka jedwali lingine, mara nyingi liko kwenye ripoti tofauti kabisa, linaloonyesha kila sekta ina sehemu gani ya wenye kazi. Tafuta sekta yenye watu wengi kuliko zote. Toa kasi ya ongezeko la watu kwenye ukuaji wa sekta hiyo. Kilichobaki ndicho walichogawana watu wengi wa nchi hiyo mwaka ule, kabla ya kuuliza wamegawana vipi wao kwa wao.

Halafu angalia utafiti wa kaya wa mwisho ulikuwa mwaka gani. Nchi nyingi hukaa miaka mitano au zaidi kati ya utafiti na utafiti. Mtu akikuambia umaskini umepungua mwaka huu na utafiti wa mwisho ni wa miaka sita nyuma, ameukadiria kutoka kwenye ukuaji uleule mnaobishania.

Mwanagenzi amejibu:

Nimerudi. Nimechukua ripoti ileile aliyonipiga nayo kaka, nikafanya ulivyosema. Sekta yenye watu wengi imekua polepole kuliko watu wanavyoongezeka. Utafiti wa kaya ni wa zamani, mwandishi wa ripoti amesema "makadirio yanaonyesha" mara nne.

Nimempigia picha majedwali yote mawili nikamtumia. Tiki za bluu zimewaka tangu saa tatu asubuhi.